Shajara ya Punda: pikapu la mizigo na njia ya Natron

Mei 24

Punda ameingia nyumbani leo saa tisa mchana, kaendeshwa kutoka Ngaramtoni hadi hapa Kwa Mrombo bila kuzimika. Ni Land Cruiser pikapu la mwaka 2006, HZJ79 kwa jina la kiwanda, injini ya 1HZ: silinda sita, dizeli, lita 4.2, haina turbo wala kompyuta. Miaka mingi amebeba vitunguu kutoka Mang'ola, na ukifungua mlango harufu ya vitunguu bado imelala kwenye viti. Shemeji ndiye aliyempa jina hilo kabla hatujalipa hata shilingi.

Kazi anayokuja kuifanya tunaijua. Tumepata tenda ya kupeleka chakula, maji na mitungi ya gesi kwenye kambi ndogo upande wa Ziwa Natron, na baada ya hapo kupandisha bidhaa za duka hadi Wasso. Lami inatuacha Mto wa Mbu. Kuanzia hapo ni Selela, Engaruka, Engare Sero, halafu ule mlima wa kuelekea Sale. Ukiharibikiwa chini ya Ol Doinyo Lengai, fundi wako ni wewe mwenyewe na kile ulichobeba.

Naandika kila tunachofanya, na gharama ya makosa pia.

Juni 1

Siku nzima tumemwosha Punda kwa chini. Bodi tumeiacha na vumbi lake. Gari chafu uvunguni halikaguliki. Unaweza kupapasa chesisi nzima usione ufa, kwa sababu udongo umeganda juu yake kama plasta.

Uchafu ulipotoka, mambo yakaanza kuonekana. Kubwa lilikuwa mbele kushoto. Gari hili lina ekseli nzima mbele, na kila ncha ina tufe la chuma ambalo tairi hugeukia juu yake. Ndani ya tufe kuna jointi inayopeleka nguvu kwenye tairi hata ukiwa umekata kona, na jointi hiyo inaishi ndani ya grisi. Tulipofungua, grisi haikuwa grisi tena. Ilikuwa uji mweusi unaomwagika wenyewe, unanuka oili ya difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli. Oilsili ya ndani ilikuwa imekufa, oili ya difu inavuja kuingia kwenye tufe, inaiyeyusha grisi, na difu nalo linabaki linakaukiwa. Mwenye gari alikuwa akifuta kwa nje na kitambaa.

Beringi za juu na chini za tufe zilikuwa na vijishimo vilivyopangana kama alama za meno kwenye muwa. Nikaelewa kwa nini usukani ulikuwa unatetemeka kila tukikaribia kilomita 70 kwa saa.

Juni 3

Beringi mpya, oilsili mpya, grisi mpya, pande zote mbili. Ukifungua kushoto, fungua na kulia; umri wao ni mmoja.

Hapa nataka kusimama kidogo, maana ndipo gereji nyingi huruka. Beringi hizi zinataka kubanwa kwa kiasi. Zikilegea usukani unacheza, zikibanwa mno zinakufa mapema. Kitabu cha gari kinasema utundike mzani wa ndoano pale tairodi, fimbo inayounganisha tairi mbili za mbele, inaposhika, uvute taratibu, usome uzito unaotosha kuanza kuligeuza tufe. Fundi alitaka kukadiria kwa mkono. Nikamwambia, "Fundi, naomba tupime." Nikavuka barabara hadi buchani kuazima mzani. Mwenye bucha alikuja nao mwenyewe, bado ana damu kwenye aproni, akasimama kutazama hadi mwisho. Kulia kulikuwa sawa. Kushoto kulisoma pungufu. Tukatoa shimu moja, kibati cha kujazia nafasi chembamba kama karatasi, tukakaza tena, tukavuta, mshale ukaingia ndani ya kipimo. Usukani leo unageuka mzito sawasawa pande zote, na kwenye kilomita 80 umetulia tuli.

Juni 14

Injini. Mkanda wa taimingi hauna historia, na mkanda usio na historia ni wa kubadilisha siku hiyohiyo. Kwenye 1HZ ukikatika, valvu zinakutana na pistoni, na hapo unazungumzia silinda hedi, si mkanda tena. Tumeweka mpya pamoja na beringi yake ya kukazia, tukaandika kilomita kwa rangi nyeupe juu ya kava. Kila kilomita 100,000 unabadilishwa, hata kama unaonekana mzima.

Nozeli sita, zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, zimekwenda kwa fundi wa pampu. Mbili zilikuwa zinadondosha badala ya kupuliza ukungu. Ndizo zilizokuwa zikitoa moshi kila asubuhi. Rejeta imefunguliwa na kupigwa brashi ndani, kwa sababu Arusha mjini tuko mita 1,400 hivi na kibaridi chetu kinaficha mengi. Natron iko kama mita 600, joto lake linapita digrii 40 bila shida, na kutoka pale kwenda Sale unapanda ukiwa kwenye gia ya kwanza na ya pili, upepo hauingii. Rejeta ambayo haijawahi kukusumbua Sakina, hapa mjini, inaweza kuchemsha pale kabla hujafika nusu ya mlima.

Oili, filta zote, feni beliti. Haya ni ya kawaida, sina la kuongeza.

Juni 22

Matairi. Kila mtu ana maoni, nami nina yangu: 7.50R16 yenye tyubu, juu ya rimu za pete, zile zenye pete ya chuma inayotoka ili kulifungua tairi. Najua matairi mapana yanapendeza na mchangani yanaelea vizuri. Lakini tairi la pete nalifungua mimi na tandiboi wangu kwa vyuma viwili na nyundo, chini ya mgunga, tunaziba tyubu, tunafunga. Na kijana wa pancha wa Engare Sero au Wasso anayo tyubu ya namba hiyo. Tairi pana la kisasa likipasuka ubavu huko, linabaki kuwa uzito tu.

Sharti la pete ni moja na halina mjadala: toa upepo wote kabla ya kuigusa, toa na kizibo cha ndani ya valvu, na ukijaza hakikisha pete imetazama chini au umeizungushia mnyororo. Pete ikiruka inaua mtu. Tandiboi wangu nimemfanya arudie mbele yangu mara tatu.

Julai 5

Leo tumemvalisha. Bampa la chuma mbele, keria ya chuma juu ya kabini hadi nyuma ya bodi, tairi la pili la akiba juu ya keria, tangi la ziada la lita 80 la dizeli, jeki ndefu pembeni. Fundi wa kuchomelea amefanya kazi safi, rangi nyeusi inang'aa. Majirani wametoka kuangalia. Nilifurahi, siwezi kusema vinginevyo. Keria peke yake tuliinyanyua watu wanne.

Kesho kutwa tunapakia.

Julai 8, Engaruka

Naandika nimekaa kwenye dumu.

Kutoka Mto wa Mbu njia ina rasta, yale mawimbi madogo ya barabara ya vumbi yanayotikisa hadi meno. Nilishusha upepo wa matairi kidogo tu, nikaogopa kushusha zaidi kwa sababu ya mzigo. Baada ya Selela nikasikia mlio kama mtu anagonga reli kwa jiwe, mara moja, kisha kimya. Tulisimama, tukazunguka, hatukuona kitu, tukaendelea. Hilo ni kosa langu. Mlio haupotei bila sababu.

Karibu na Engaruka tulisimama tena kupoza shokapu. Ukizimwagia maji zinatoa mvuke. Alipita mama wa Kimaasai na punda wawili wamebeba maji. Tukasalimiana. Alikuwa anapanga upya madumu kwenye soji, anahamisha dumu moja nusu kutoka huku kwenda kule, anarudi nyuma hatua mbili, anatazama mgongo wa punda, anasogeza tena. Alipomaliza akatutazama sisi kwa jicho lilelile.

"Kaka, gari yenu imelala huku."

Alikuwa anaonyesha kushoto nyuma. Nikaingia uvunguni. Jani kuu la springi limekatika pale bolti ya katikati inapopita, na limebaki limeshikwa na majani mengine na U-bolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli. Juu, mguu mmoja wa keria umeachia pale ulipochomelewa, unasaga paa. Bolti ya juu ya shokapu ya kushoto haipo kabisa.

Tumeshusha kila kilicho juu. Tumenyanyua chesisi kwa jeki, tukaweka gogo la mgunga kati ya ekseli na chesisi, tukalifunga kwa mpira wa tyubu ya zamani, mizunguko mingi hadi vidole vikauma. Mzigo wa kambi umechukuliwa na gari jingine kwa bei ya mwenye shida. Tunarudi kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa.

Julai 12

Nimekwenda kwenye mzani wa magari wa kinu kimoja Unga Limited, nikaomba kupima Punda kama alivyokuwa siku ile. Tumepakia uzito uleule kwa viroba vya mchanga na maji, tukapanda.

Mbele kilo 1,290. Nyuma 2,320. Jumla 3,610.

Kibati cha kiwanda, kinachotaja uzito wa mwisho wa gari na mzigo wake, kimeandikwa 3,200.

Nilisimama pale na karatasi mkononi kwa muda. Kilo 410 za ziada, karibu zote nyuma, na sehemu yake nzuri juu ya paa. Wahenga walisema punda afe, mzigo wa bwana ufike. Mimi nilikuwa namuua Punda na mzigo haukufika. Na nilichomzidishia hakikuwa mchele wa kambi. Kilikuwa chuma nilichokinunua kwa hiari.

Tumefungua na kupima kimoja kimoja. Keria kilo 96. Bampa kilo 71. Tairi la pili na rimu yake kilo 41. Tangi la ziada likijaa, chuma na dizeli pamoja, kilo 90, maana dizeli ina uzito wa kama gramu 840 kwa lita. Hayo manne tayari ni 298. Mengine yalikuwa vyuma vidogo vidogo, boksi la spana ambazo nyingine haziingii kwenye nati yoyote ya gari hili, na mbao.

Julai 19

Fundi springi aliniuliza swali ambalo kila mwenye gari la mizigo Arusha ameulizwa: "Tukuongezee majani mawili, mzee?"

Nimekataa, na nataka nieleze kwa nini. Springi ikiongezwa majani hadi haijipindi, mtikisiko hauishi, unahamia. Unaingia kwenye chesisi, kwenye vishikio vya shokapu, kwenye rejeta, kwenye betri. Gari linaonekana limesimama vizuri likiwa limepakiwa, na huku chesisi inachanika polepole. Tumebadilisha jani kuu pande zote mbili, majani mengine yamerudishwa tao lake la awali, bushi mpya, bolti za katikati mpya, U-bolti mpya. U-bolti hazirudiwi: zikishavutika mara moja hazishiki tena kama mwanzo.

Na ufa tumeupata. Urefu wa kidole, unaanzia kwenye tundu la kishikio cha shokapu. Tulitoboa tundu dogo pale ufa unapoishia ndipo tukachomelea, kwa sababu ufa usiofungiwa njia unapita pembeni ya welding na kuendelea. Kisha kipande cha bati nene juu yake, kilichokatwa pembe za mviringo. Pembe kali ndiko ufa mwingine unakozaliwa.

Agosti 2

Punda mpya amekonda. Keria imeuzwa. Bampa la kiwanda limerudi. Tairi moja la akiba chini ya bodi, na tyubu mbili za ziada zimekunjwa ndani ya kiroba. Tangi lake la lita 130 linatosha. Naongeza madumu mawili ya lita 20, yamefungwa chini, nyuma ya kabini, mbele ya ekseli. Maji, gesi na kila kizito kinakaa sakafuni karibu na kabini. Mikate na mboga zinakwenda nyuma na juu.

Napakia kama yule mama wa Engaruka. Naweka, narudi nyuma hatua mbili, natazama mgongo.

Mzani: mbele 1,210, nyuma 1,890. Jumla 3,100.

Agosti 9

Tumekwenda na kurudi Engare Sero. Hakuna kilichokatika. Upepo wa matairi, kwa PSI: kwenye lami 40 mbele na 55 nyuma, Mto wa Mbu nikashusha hadi 30 na 38. Sasa naweza kushusha bila hofu kwa kuwa mzigo ni mwepesi, na tofauti yake juu ya rasta ni kama kutoka kwenye benchi na kukalia godoro. Kila kituo natia kiganja kwenye kila hab, kile kitovu cha tairi, na kila shokapu. Ikiwa vuguvugu ni sawa. Ikiunguza, hatuondoki mpaka nijue sababu.

Agosti 11

Nilisema hakuna kilichokatika, lakini leo nimefungua nati ya difu la nyuma kuangalia oili na imetoka kama chai ya maziwa. Maji.

Tulivuka kijito Engare Sero difu likiwa moto. Chuma cha moto kikitumbukia kwenye maji baridi, hewa ya ndani inanywea, na difu linavuta pumzi kupitia popote linapoweza. Pumulio la difu la Punda, kitundu cha kupitishia hewa, lilikuwa limeziba kwa tope, kwa hiyo likavuta kupitia oilsili. Tumemwaga yote, tumesuuza kwa dizeli, tumeweka oili mpya. Kisha tumetoa yale mapumulio mafupi, tukaunga mpira kutoka kila difu na gia boksi hadi juu ndani ya boneti, ncha ikaishia kwenye filta ndogo ya dizeli. Kazi ya nusu siku, mpira wa mita chache. Siku hizi naanza na hii kabla ya jambo lolote la maji. Na kama mto si wa haraka, subiri dakika 20 ukingoni, difu lipoe.

Agosti 30

Umeme. Taa ya nyuma ilikufa, baadaye chaji ya betri ikawa inakuja na kuondoka. Nilidhani altaneta. Fundi umeme alichomoa plagi moja na ndani mlikuwa na unga mweupe umeganda. Magadi.

Vumbi la upande ule si kama la Kisongo. Ol Doinyo Lengai ndiyo volkano hai pekee duniani inayotoa lava iliyojaa magadi, na ziwa lenyewe limezungukwa nayo. Ikipata unyevu inakula. Mama yeyote aliyepika maharage kwa magadi kwenye sufuria ya alumini anajua sufuria inavyogeuka rangi. Ndivyo kava la altaneta linavyofanyiwa polepole. Tumesafisha plagi zote kwa maji safi, tukakausha, tukapaka grisi ya umeme, waya tukazipandisha juu ya chesisi. Sasa kila tukirudi, kabla ya kulala, maji mengi uvunguni.

Filta ya hewa nayo: naipuliza kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo, na ikipulizwa mara tatu naweka mpya. Niliwahi kumwona mtu anaipiga kwenye tairi. Karatasi inachanika kwa uwazi usioonekana, na kuanzia hapo injini inakula mchanga.

Septemba 20

Wasso na kurudi, safari yetu ya kwanza kamili. Kilomita 690, lita 115, kilomita sita kwa lita. Kwenye mlima wa Sale sindano ya joto ilipanda kidogo kupita nusu ikatulia. Nilipanda polepole, gia nzito, feni inavuma, na mara moja nilisimama kwenye kivuli nikaiacha injini ikiunguruma bila kuizima, maji yaendelee kuzunguka.

Pembeni mwa ziwa kijana mmoja alituambia tukate njia kwenye ule weupe kufupisha kona. Sikukubali. Juu ni ganda, chini ni tope la chumvi, na gari likizama humo jeki inazama pamoja nalo. Nina ubao wa mninga wa kuweka chini ya jeki, lakini pale hata ubao ungeondoka. Tulizunguka. Dakika 40 zaidi.

Dizeli tulijaza Mto wa Mbu yote. Wasso tulipata ya dumu, nikaichuja kwa kitambaa cha pamba na kuiacha itulie usiku. Asubuhi chini palikuwa na maji kiasi cha kikombe cha kahawa.

Oktoba 11

Vuli iko karibu. Nati zote za U-bolti zimekazwa tena. Tangu zifungwe hii ni mara ya tatu, na safari hii hazikusogea hata robo. Kila nati ya uvunguni ina mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Mstari ukipinda, nati imecheza. Hata tandiboi anaiona kwa tochi.

Tufe la kushoto limeanza kulowa kidogo pembeni mwa sili ya nje. Grisi bado ni grisi, nimeipima kwa kidole. Klachi inashika juu kuliko mwezi uliopita, kwa hiyo klachi pleti imo kwenye orodha ya Novemba, kabla udongo mweusi haujaanza kunata.

Kesho tunaondoka saa kumi na moja alfajiri. Mzigo umekwisha kupakiwa, kilo 3,080, na mgongo umekaa sawa. Mzani wa buchani nimeurudisha tena leo jioni, mwenyewe akaniuliza, "Mnyama wako anaendeleaje?"

Nikamwambia ameshiba, kesho anakwenda Natron.